Chupa Iliyorudi Imejaa

Mama yake Nasma alianguka barazani Kariakoo, Jumanne saa nane mchana, kwa kukaa bila maji. Wakati huohuo, ukutani shuleni kwao Nasma palikuwa na karatasi kubwa iliyosema kwamba watu wa Kariakoo sasa wanakunywa maji ya kutosha. Karatasi hiyo aliiandika Nasma kwa mkono wake.

Mambo yalianza miezi michache kabla, tena yalianza vizuri.

Nasma alikuwa darasa la sita. Alikaa na mama yake Magomeni, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye ua mmoja na wapangaji wengi. Baba yake alikuwa utingo wa lori la Songea, na nyumbani alionekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kila alfajiri mama aliswali, akajifunga kanga ya pili kiunoni na kupanga kikapu chake. Nasma alichukua maji aliyochemsha jana yake, akayachuja kwa kitambaa, akajaza chupa kubwa ya plastiki na kuitia kikapuni pembeni ya mizani.

"Mama, leo unywe."

"Nitakunywa, mwanangu. Kavae viatu, utachelewa."

Jioni mama alirudi, na chupa ilirudi imejaa. Kilichopungua ni kiasi cha kulowesha midomo tu. Nasma aliyamimina maji ndooni, na kesho yake aliyajaza yaleyale. Hakuwahi kuuliza. Jambo unaloliona kila siku huwa kama ukuta wa nyumbani kwenu. Unalipita tu.

Mama yake aliuza tangawizi, vitunguu saumu na ndimu kwenye gunia lililotandikwa barazani kwa duka la vyombo, mtaa mmoja nyuma ya soko. Hapo walikaa wanawake wengi kwa mstari, magoti yakigusana, kila mmoja na gunia lake. Mgeni akija kuuza pale, wenyeji walimpa neno moja la kumfunda: mwanamke wa barazani hunywa akifika kwao. Nasma alilisikia neno hilo tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Alidhani ni mzaha wa watu wazima.

Basi siku moja Mwalimu Pantaleo, aliyefundisha sayansi, akaunda kikundi cha wanafunzi watatu kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya wilaya. Aliwachagua Nasma, rafiki yake Selina, na Bakili, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Kariakoo kunawaka moto," mwalimu alisema. "Watu wanaumwa vichwa, wengine wanazimia kwa joto. Nendeni mkachunguze wanakunywa maji kiasi gani, na nini kinawazuia wasinywe zaidi. Tukishajua, tutatoa ushauri. Mtamuuliza nani?"

"Wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo," Bakili alidakia. "Wale jasho linawatoka hadi kwenye kope."

"Na akina mama wa barazani?" Selina aliuliza.

"Wale si wamekaa tu? Mtu aliyekaa ana kiu ya nini, ya kusema umbea?"

Wakacheka. Nasma naye alicheka, ingawa mama yake alikuwa mmoja wa hao waliokaa.

Mwalimu Pantaleo alijikuna kidevu. "Tuanze na anayetoka jasho zaidi. Mtu ni mtu na maji ni maji. Tukimjua huyo, tumewajua wote."

Hata hivyo Nasma alijaribu. Jumamosi alichuchumaa mbele ya Mama Mudi, jirani wa mama yake barazani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita abiria.

"Shikamoo, Mama Mudi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumsaidia mama?"

"Nina kazi ya shule. Eti mchana unakunywa maji mara ngapi? Na unakwenda haja ndogo mara ngapi?"

Mama Mudi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya samaki. "Wewe mtoto, huna haya? Mambo ya msalani ya mtu mzima yanakuhusu nini? Mama Nasma, hebu msikilize mwanao."

Mama yake alikuwa akipanga ndimu. Hakuinua uso. "Nasma, nenda nyumbani," alisema taratibu.

Ilitosha. Nasma aliondoka uso ukimwaka, na Jumatatu akawaambia wenzake na mwalimu kwamba akina mama hawataki kuulizwa.

"Si nilisema?" Bakili alijibu. "Tuachane nao. Watatuchafulia kazi."

Hakuna aliyesikitika. Bila wanawake kazi ilikuwa nyepesi. Waliwangoja wanaume kwenye kituo cha mikokoteni, pale wanapopumzika kungoja mzigo, na wanaume walijibu bila kuona soni.

"Umekunywa chupa ngapi tangu asubuhi, kaka?" Selina alimuuliza Anselmi, kijana aliyesukuma mkokoteni wa sukari.

"Tatu. Ya nne unaninunulia wewe."

"Kwa nini hunywi zaidi?"

"Muuza maji yuko mbali, na nikiacha mkokoteni bosi anafoka. Lete maji hapa uone kama sinywi. Nitakunywa mpaka nitoe majani."

Karibu wote walisema hivyo. Watoto waliuliza watu arobaini, wakajumlisha, wakachora, na jibu likatoka safi kama sahani iliyosuguliwa: wanaokunywa zaidi wanaumwa kichwa kidogo, na kinachowazuia ni umbali wa maji. Nasma ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Aliandika juu kwa herufi kubwa, WATU WA KARIAKOO NA MAJI. Chini hakuandika popote kwamba watu hao arobaini wote walikuwa wanaume. Hakuficha. Halikumjia tu kichwani.

Mradi ulishika nafasi ya kwanza wilayani. Mzee Abdulmajid, mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara wa mtaa ule, alikuwapo siku hiyo. Alifurahi akaahidi, na kwa mara moja katika dunia hii mkubwa aliahidi akatimiza. Mapipa mawili ya maji safi yaliwekwa pale kwenye kituo cha mikokoteni, kila moja na bomba lake, na kikombe kilichofungwa mnyororo. Watoto walirudi wakapima tena kwa wanaume walewale. Wanaume walikunywa zaidi na vichwa vikatulia. Nasma aliongeza mstari wa mwisho kwenye karatasi: sasa watu wa Kariakoo wanakunywa maji ya kutosha. Kilichobaki ni mashindano ya mkoa.

Wiki hizohizo mama yake alianza kulalamika mgongo. Alishika kiuno akiinuka, alishika kiuno akiinama. Usiku alikwenda msalani mara kwa mara, akitoka uso umekunjamana. Nasma akimuuliza, alijibu, "Uzee huo." Hakuwa mzee. Alinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, viwili viwili, akavimeza kwa funda moja la maji na kwenda sokoni. Chupa iliendelea kurudi imejaa.

Ile Jumanne Nasma alikuwa mbele ya ile karatasi, akiwaeleza wageni kutoka shule ya jirani, mara mtoto mmoja wa Kariakoo akasimama mlangoni anahema.

"Nasma, Mama Mudi anakuita. Mama yako kaanguka."

Alikimbia akiwa ameshika fimbo ya kuonyeshea maandishi, wala hakujua kama ameishika. Alipofika, watu walikuwa wamefanya duara. Mama yake alikuwa amelala kwenye gunia lake, ndimu zimetawanyika mpaka barabarani, ushungi umelegea. Mwili ulikuwa wa moto. Anselmi alikuwa amepiga magoti na kidumu cha maji aliyokinga kwenye lile pipa. Alikuwa akimmwagia kichwani.

"Mpe anywe," Nasma alisema. "Mpe anywe."

"Nimejaribu, mdogo wangu. Hayaendi."

Nasma alichukua kidumu akajaribu yeye. Maji yaliingia pembe moja ya mdomo yakatokea pembe nyingine, yakaloa shingo, yakaloa gunia. Pembeni ya mizani ilikuwapo chupa aliyoijaza alfajiri. Ilikuwa imejaa. Nasma aliiona, akaweka kidumu chini.

Wasukuma mikokoteni walimpakia mama kwenye bajaji. Mama Mudi alipanda naye, na Nasma akajibanza miguuni. Njia nzima Mama Mudi alisema, "Mkumbuke Mungu, mwanangu, mkumbuke Mungu." Hapakuwa na kingine cha kufanya. Nasma alishika unyayo wa mama yake kwa sababu hicho ndicho alichoweza kukifikia.

Hospitali waliingia, mama akapelekwa nyuma ya pazia, na pazia likafungwa. Nasma alikaa kwenye benchi akisikia viatu vya manesi. Kila aliyetoka alimtazama, na kila aliyetoka alimpita. Jioni ndipo alipokuja Daktari Euphrasia, mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Wewe ndiye binti yake? Mama yako anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Kila siku namjazia chupa kubwa, daktari."

"Sikuuliza unamjazia kiasi gani. Nimeuliza anakunywa kiasi gani."

Nasma alitazama sakafu. "Inarudi imejaa."

Daktari alikaa naye kwenye benchi. Alimweleza kwamba mama ana maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo mtaani watu wanayaita yutiai, na kwamba yamekaa muda mrefu mpaka yakapanda kwenye figo. Ukosefu wa maji uliyasaidia. Vile vidonge vya maumivu navyo, kwa mtu aliyekauka, viliongeza kuziumiza figo.

"Atapona?"

"Tunajaribu," daktari alisema. Nasma alikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba hilo silo jibu aliloliomba.

Siku ya tatu mama alifungua macho na kuongea. Daktari alimuuliza kwa upole, "Mama, maji unayo. Kwa nini hunywi?"

Mama alimtazama Nasma kwanza, kama anayeomba radhi. Kisha akageuzia uso ukutani ndipo akasema. "Ninywe niende wapi, daktari? Choo cha kulipia kiko mitaa miwili, na foleni yake ndefu. Nikinyanyuka, mwenzangu anasogeza gunia, nikirudi sina pa kukaa. Wanaume wanakwenda nyuma ya ukuta wa ghala, dakika moja wamemaliza. Mimi nitakwenda nyuma ya ukuta? Basi tunajizuia. Wote pale tunajizuia. Ukizoea, unasahau kama una kiu."

"Na ukiwa katika siku zako za mwezi?"

"Ndiyo mbaya zaidi," mama alisema kwa sauti ndogo.

Nasma alisikia kila neno. Lile neno la barazani, hunywa akifika kwao, halikuwa mzaha kumbe. Lilikuwa ni amri, na mama yake aliitii miaka yote.

Daktari alipotoka, Nasma alimfuata kwenye korido. "Lakini sisi tulifanya utafiti," alisema. "Tuliuliza watu arobaini. Walisema shida ni umbali wa maji."

"Wanawake wangapi katika hao arobaini?"

Nasma alitikisa kichwa. Daktari alielewa.

"Sikiliza, binti. Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni mwili. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi kuliko ya mwanamume, kwa hiyo vijidudu vinapanda upesi. Kukaa na kiu na kujizuia kunamuumiza mwanamke haraka zaidi. La pili ni maisha. Nani anaweza kwenda nyuma ya ukuta na nani hawezi. Nani akinyanyuka atapokonywa nafasi. Nani anaona haya kusema. Hilo la pili si la mwili, ni sisi watu tumelipanga hivyo. Utafiti wenu haukuyaona yote mawili, kwa kuwa yote mawili hayakuwa kwa wale mliowauliza."

"Mwalimu alisema mtu ni mtu."

"Hata wataalamu wakubwa wamesema hivyo. Kuna dawa duniani zilizojaribiwa kwa wanaume watupu, halafu wanawake wakapewa kiasi kilekile, wakaumia. Hamkuanza nyinyi. Ila hilo halimpunguzii mama yako maumivu."

Nasma alirudi kukaa kando ya kitanda. Alitaka kusema samahani, akashindwa kujua aanzie wapi. Mama alikuwa amelala.

Kesho yake alikwenda shule, akasimama mbele ya ile karatasi na kuanza kuibandua. Bakili alimshika mkono.

"Oya, unafanya nini? Wiki ijayo tunaenda mkoani."

"Tumeandika uongo."

"Uongo gani? Hesabu zote ni za kweli. Nilijumlisha mimi mwenyewe."

"Hesabu ni za kweli. Lakini tumeandika watu wa Kariakoo. Mama yangu si mtu wa Kariakoo?"

Bakili aliuachia mkono wake.

Mwalimu Pantaleo alikuja, akasikiliza, akakaa juu ya dawati. "Nasma, tukibadilisha sasa, watatuondoa kwenye mashindano. Hatuna muda wa kufanya upya. Umenielewa? Kwa nini tusiende hivihivi, halafu tukirudi turekebishe?"

Nasma hakuwa na nguvu ya kubishana. Alisema tu, "Mwalimu, njoo umwone mama."

Mwalimu alikwenda jioni hiyo. Alisimama miguuni pa kitanda, akamwona mwanamke mwenye umri kama wa dada yake, uso umevimba, mpira wa maji ya dripu mkononi. Alisema pole. Hakukaa muda mrefu. Alipotoka nje alimwambia Nasma, "Ni mimi niliyesema mtu ni mtu. Wewe ulikuwa mtoto uliyefukuzwa kwa kuuliza swali zuri, nami sikukurudisha ukaulize tena." Asubuhi aliwaandikia wa mkoani kwamba shule imejitoa.

Basi wakaanza upya. Safari hii walikubaliana kabla ya kutoka: wataulizwa wanaume na wanawake, maswali yaleyale, na majibu ya wanawake yatahesabiwa kivyake na ya wanaume kivyake. Bakili, kwa kutaka kutubu, alikuwa wa kwanza kulifikia baraza.

"Shikamoo mama, naomba kukuuliza kuhusu choo."

"Mwanangu," Mama Mudi alimjibu, "kamuulize mama yako. Akikuambia, uje unisimulie."

Baraza lote likacheka, na Bakili akarudi masikio yamemsimama. Ikabidi awe wa kuuliza wanaume. Nasma na Selina ndio waliokaa barazani. Hawakusimama na kalamu. Walikaa chini kwenye magunia, wakachukua vitunguu saumu na kuanza kumenya. Akina mama walijua sasa kilichomlaza Mama Nasma. Mikono yote ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye vitunguu, maneno yalianza kutoka, moja moja, kwa sauti ya chini.

"Mimi tangu alfajiri mpaka nifike Buguruni, sinywi kitu."

"Mimi nanyonya ndimu. Mdomo unalowa, basi."

"Na yale mapipa?" Selina aliuliza. "Hamjawahi kunywa pale?"

"Pale katikati ya wanaume?" Mama Mudi alisema. "Kikombe kimefungwa mnyororo kama mbuzi, uiname mbele yao ndipo unywe. Tena nikishakunywa, nielekee wapi? Mlituletea maji, wanangu. Hakuna aliyetuletea mlango."

Walipojumlisha, karatasi ya wanaume ilisema yaleyale ya kwanza. Ya wanawake ilisema jambo jingine kabisa. Karibu wote walikuwa hawanywi mchana kutwa, wengi walikuwa wamewahi kuugua kama Mama Nasma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa yale mapipa. Kilichowazuia hakikuwa umbali wa maji.

Walimpelekea Mzee Abdulmajid. Aliisoma karatasi mara mbili, akavua kofia, akaivaa.

"Hawa wote wanaumwa? Mbona hawakusema?"

Mama Mudi alikuwa amesimama mlangoni. "Nani alituuliza, mzee? Watoto walipita mbele yetu na karatasi zao kama unavyopita nguzo ya umeme. Nawe ulipoleta mapipa, ulipita vilevile."

"Ni kweli," Bakili alisema chinichini. "Tulipita."

Mzee hakukasirika. Lakini alisema kamati haina fungu, ngojeni. Wakangoja. Nasma alipita kila siku kutoka hospitali akiwaona wanawake wamekaa palepale, jua lilelile, midomo imekauka, na hakuwa na cha kuwapa. Alijua ugonjwa wao, alijua dawa yake, na hakuweza kitu. Mpaka mvua za masika zilipoanza ndipo mwenye duka la vyombo alipokubali kuwafungulia choo cha ua wake. Ufunguo ulikaa kwa akina mama, wakipokezana. Pipa moja lilihamishiwa barazani, na kila mmoja akaja na kikombe chake. Na wenyewe wakaweka sheria: anayenyanyuka, jirani zake wawili wanashika pembe za gunia lake mpaka arudi, na hakuna kusogea.

Siku ile ya kwanza Mama Mudi alikunywa kikombe kizima mchana kweupe, akasimama, akachukua ufunguo na kwenda bila haraka. Wenzake wakampigia vigelegele kama bibi harusi.

Mama Nasma hakuwapo. Alikuwa amesharuhusiwa hospitali, yuko nyumbani Magomeni, amelala ubavu.

Shule ilipofungua muhula mpya, Mwalimu Pantaleo alibandika karatasi mbili ukutani, ya wanaume na ya wanawake, bega kwa bega. Akaliita darasa.

"Nataka mkumbuke jambo moja mtakapokuwa wakubwa, ukiwa daktari, ukiwa fundi, ukiwa mwenyekiti wa mtaa," alisema. "Kabla hujaanza kupima, jiulize: nani hayumo? Ukiwauliza wanaume peke yao, umepata jibu la wanaume. Ni jibu zuri, lakini ni lao. Usilivalishe kanga ukasema ni la wote. Miili haifanani na maisha hayafanani. Uliza wote, wahesabu kila kundi kivyake, ndipo uandike. Na anayeona haya kukujibu, usimwache. Tafuta namna ya kumuuliza kwa heshima, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye anayeumia. Mimi nilikuwa mwalimu wenu na sikulifanya hilo. Mmeona yaliyotokea."

Hakuna aliyecheka. Bakili alikuwa akichora mstari juu ya dawati kwa ukucha.

Kosa hilo liligharimu haya. Figo ya kushoto ya mama yake Nasma, ambayo haitafanya kazi tena. Nafasi yake barazani, aliyokaa tangu Nasma hajajua kutembea, na ambayo sasa ina gunia la mtu mwingine. Mama hana tena mgongo wa kubeba tangawizi, anauza ndimu chache mlangoni kwake. Sehemu kubwa ya muhula mmoja wa shule, ambayo Nasma aliikalia kwenye benchi la hospitali. Safari ya mkoani ya watoto watatu. Na chupa moja ya maji kila siku, iliyorudi imejaa mikononi mwa mtoto aliyekuwa akitafuta jibu, naye akaimimina ndooni.